Kaburi la Nyali: Krapf, Rosine na Julai ya 1844

Ardhi ya kwanza ambayo misheni ya Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, ilipata bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, haikuwa kiwanja cha kanisa wala cha shule. Ilikuwa kaburi. Humo alizikwa mkewe, Rosine, aliyefariki Jumamosi ya tarehe 13 Julai 1844, na siku chache baadaye kaburi hilo likafunguliwa tena kumpokea mtoto wao mchanga wa kike. Lipo hadi leo upande wa Nyali, na wengi hupita karibu nalo bila kujua ni la nani.

Kisa hiki husimuliwa sana siku za misheni, na kwa kawaida husimuliwa kuanzia mwisho. Msemaji anamtaja Krapf, anataja kituo cha Rabai, kamusi na Mlima Kenya, kisha anauliza, "Mnaona alivyotii?" Watu wanaitikia amina. Lakini aliyekaa kwenye benchi la nyuma na uamuzi mzito kifuani hatoki na kitu, maana yeye bado hana mwisho wa kusimulia. Yuko katikati. Nimekaa na watu wa namna hiyo. Kuna binti aliyetaka kuacha kazi ya benki akafundishe watoto viziwi. Kuna baba wa watoto watatu aliyekuwa na mzigo wa kwenda kuhubiri mbali na kwao, mahali asipomjua mtu. Swali lao lilikuwa moja: nitajuaje kama ni Mungu, au ni kichwa changu tu? Ndiyo maana napenda kukichambua kisa hiki nikiwa nimesimama Julai 1844, bila kuchungulia mbele mpaka tumalize kutazama kilichokuwapo siku zile.

Tuanze na jinsi walivyofika Mombasa, kwa sababu hawakuwa wamepanga kufika huko.

Krapf alizaliwa mwaka 1810 Derendingen, karibu na Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Alisomea umisionari Basel, Uswisi, na mwaka 1837 akaenda Ethiopia chini ya CMS, shirika la misheni la Waanglikana wa Uingereza. Tigray, kaskazini mwa nchi hiyo, akafukuzwa. Akahamia Shoa kwa mfalme Sahle Selassie, na huko ndiko moyo wake ulikokamatwa na Waoromo, kabila kubwa la nchi hiyo. Aliamini kwamba Waoromo wakiipokea Injili, bara zima lingefunguka kupitia kwao. Akajifunza lugha yao, akaanza kutafsiri Maandiko. Mwaka 1842 alisafiri hadi Misri kumpokea mchumba wake, Rosine Dietrich, wakafunga ndoa huko. Walipotaka kurudi Shoa, mlango ulikuwa umefungwa. Wakajaribu kupitia Tigray, napo wakakataliwa. Katika mahangaiko hayo ya mwaka 1843, nyikani, katika nchi ya Washoho, Rosine alijifungua kabla ya wakati. Mtoto aliishi muda mfupi tu, wakawahi kumbatiza. Walimpa jina Eneba, maana yake chozi.

Huyu ndiye mwanamke aliyepanda chombo cha Waarabu pale Aden, Novemba 1843, kuelekea kusini. Krapf alijua kwamba Waoromo wameenea mpaka karibu na pwani ya Waswahili. Hesabu yake ilikuwa hii: kaskazini kumefungwa, basi nitazunguka niingilie kusini. Safari ya kwanza nusura iwaue, kwa dhoruba na chombo kuingia maji, wakarudi Aden. Wakapanda chombo kingine. Januari 1844 wakatia nanga Zanzibar, Rosine akiwa mjamzito tena.

Nataka kusimama kidogo hapa, kwa kuwa hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza. Sisi watu wa kanisa tunalipenda neno "mlango". Mlango ukifunguka tunasema Mungu amekubali, ukifungwa tunasema Mungu amekataa, na tukitaka kuulazimisha tunasema ni Shetani ameufunga. Kwa hesabu hiyo Krapf alikuwa na kila sababu ya kurudi Ujerumani na dhamiri safi. Milango ya Ethiopia ilifungwa yote, na mtoto akazikwa nyikani. Angerudi, hakuna mtu ambaye angemlaumu, na mimi pia nisingemlaumu. Wala hakuukaza ule mlango wa Shoa kwa mabavu ya maombi. Alibaki na mzigo, akabadili njia. Mtume Paulo naye alizuiwa kuingia Asia na Bithinia kabla ya kuvuka kwenda Makedonia, na Luka haandiki kwamba Paulo alielezwa sababu.

Zanzibar walipokewa vizuri kuliko walivyotarajia. Sayyid Said bin Sultan, Mwislamu, mtawala wa Oman na Zanzibar, alimpa Krapf barua kwa maliwali wake wa pwani. Barua ilisema kwamba mtu huyu ni mwema, anataka kuwaongoza watu kwa Mungu, basi atendewe vyema na asaidiwe. Sisi tunaotoa ushuhuda huwa tunairuka sehemu hii upesi mno. Hatua ya imani ya Mkristo huyu ilisimama juu ya ukarimu wa Waislamu, na yeye alijua hivyo. Aliomba ruhusa, akaonana na wenye nchi, akatembea na barua mfukoni. Nimewaona vijana wanaodhani kwamba kuomba kibali ni kupungukiwa imani. Krapf hakudhani hivyo.

Zanzibar angeweza kukaa: kulikuwa na balozi wa Uingereza, kulikuwa na meli na barua za Ulaya. Akachagua Mombasa, kwa kuwa ilikuwa karibu zaidi na njia ya bara. Kufikia mwezi Mei 1844 yeye na Rosine walikuwa wamehamia huko, mji wa Waswahili na Waarabu wenye ngome na askari wa Sultani, na ng'ambo yake nchi ya Wamijikenda, ambao Krapf aliwaita Wanyika kama walivyoitwa wakati ule.

Tarehe 8 Juni, Jumamosi, alianza kazi ambayo mwenyewe aliitaja baadaye kuwa miongoni mwa siku kubwa za maisha yake. Alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Picha hiyo huwa inanitulia machoni. Mwalimu wa sheria ya Kiislamu na mhubiri wa Kijerumani wamekaa pamoja, wanatafuta neno la Kiswahili la kusema mwanzo, nuru, giza, kilindi. Mmoja anaijua lugha kwa kunyonya, mwingine anaandika kwa herufi za Kirumi, herufi hizi hizi unazozisoma sasa, wakati pwani nzima iliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Wala usidhani Krapf alikuwa ameamua maisha yake yawe ya Kiswahili. Kwake kilikuwa ngazi. Alikihitaji ili apite pwani afike kwa Waoromo wake.

Wiki tano kamili baadaye, Jumamosi nyingine, Rosine alikuwa maiti.

Homa ilianza na Krapf siku za kwanza za Julai. Kisha ikamshika Rosine, aliyekuwa katika siku za mwisho za ujauzito. Tarehe 6 akajifungua mtoto wa kike, salama. Kwa siku chache nyumba ile ilikuwa na mama mwenye homa kali, baba asiyeweza kusimama, na mtoto anayetaka kunyonya. Hakuna aliyejua kwamba homa ile huletwa na mbu. Jambo hilo lilithibitishwa zaidi ya miaka 50 baadaye. Rosine alipoona mwisho unakaribia, aliwaaga watu wa nyumba, akasema na mume wake, na akaomba jambo moja kuhusu kaburi lake. Alitaka asizikwe kisiwani. Alitaka azikwe bara, katika nchi ya watu wale waliowafuata, ili kila apitaye akiliona kaburi akumbuke kilichowaleta.

Alipokata roho, Krapf alikuwa mgonjwa kiasi kwamba ilimbidi ajikokote kutoka kitandani mwake ili ahakikishe kweli amekufa, kisha akaanguka tena kitandani. Akavushwa bara kumzika. Halafu mtoto naye akafa, na joto la pwani halisubiri, ikabidi avuke tena akafungue kaburi lile lile.

Sasa tusimame hapo. Tuchukue siku ile baada ya maziko ya pili. Krapf ana miaka 34. Amezika watoto wawili na mke mmoja ndani ya takriban mwaka mmoja. Ana homa. Hana mwenzake hata mmoja. Hana Mkristo hata mmoja aliyemleta kwa Kristo pwani nzima. Waoromo hajawafikia. Alicho nacho ni barua ya Sultani, kurasa za Mwanzo zilizoanzwa, na makubaliano na shirika lililo London, ambalo barua hulifikia baada ya miezi. Kama wewe ndiye mchungaji wake, unamwambia nini?

Mimi nakiri kwamba ningemwambia arudi nyumbani. Ningesema kwa upendo: pumzika, ndugu, Mungu hana haraka. Na sidhani ningekuwa nimekosa. Kubaki hakukuwa amri iliyoandikwa popote. Kumbukumbu za siku zile hazina sauti kutoka mbinguni, hazina ndoto, hazina nabii aliyetokea na neno. Mtu anayesoma kisa hiki akitafuta ule uthibitisho ambao sisi huudai hataupata.

Alichofanya Krapf ni kuandika barua London. Aliwaeleza wakubwa wake kwamba sasa kuna kaburi la peke yake katika pwani ya Afrika ya mashariki, la mmoja wa watu wa misheni yao, na kwamba hiyo iwe ishara kwao kuwa wameanza kazi katika upande huu wa dunia. Aliwaambia kwamba ushindi wa Kanisa hupatikana kwa kupita juu ya makaburi ya watu wake. Maneno hayo yamenukuliwa mara nyingi sana, na nimeyasikia yakipigiwa makofi. Mimi huwa siwezi kuyapigia makofi. Nayasikia kama maneno ya mtu aliyelowa jasho la homa, akijaribu kumpa mke wake mahali pa heshima asije akawa amekufa bure. Na ndani ya barua hiyo kuna jambo la kawaida kabisa: mtu anatoa taarifa kwa waliomtuma. Hakujitenga. Hakusema, "Sasa mimi na Mungu wangu tu." Aliendelea kuwa mtu anayeweza kuulizwa maswali.

Je, kubaki kwake kulikuwa utii au ukaidi? Swali hili ndilo kiini cha kisa, na wasimuliaji wengi hulikwepa kwa kukimbilia matokeo. Wanasema, tazama lililotokea baadaye, basi ulikuwa utii. Hoja hiyo siikubali. Kuna watu waliotii wakafa, na hakuna kilichoonekana. Kuna wakaidi waliojenga makanisa makubwa. Matokeo hayawezi kuwa mzani, kwa sababu siku ya kuamua hayapo mezani.

Mzani ninaouona mimi ni namna alivyobaki. Mkaidi hung'ang'ania mpango. Krapf aliung'ang'ania wito, na mpango akauacha ubadilike mara kwa mara. Mkaidi hufunga masikio. Huyu aliendelea kukaa na kadhi na kuulizia maneno. Mkaidi hutaka jambo kubwa ili apate kujitetea. Huyu, akiwa mjane mwenye homa, alirudi kwenye kazi ndogo iliyokuwa mbele yake: neno moja la Kiswahili, halafu jingine, na kuvuka bara kwenda kuongea na wazee wa vijiji vya Wamijikenda. Kwa karibu miaka miwili alikuwa mmisionari peke yake. Miaka miwili ni Jumapili zaidi ya mia moja. Barua ya Waebrania inasema Ibrahimu alitoka "asijue aendako," nasi huwa tunadhani kutojua huko kulikuwa kwa siku ya kuondoka tu, kwamba alipofika akajua. Kwa Krapf kutojua kulianza hasa baada ya kufika.

Na alikosea. Hili lazima lisemwe waziwazi, maana likifichwa kisa kinakuwa hadithi ya kutunga. Krapf alikosea kuhusu mambo makubwa. Miaka aliyokaa pwani, kuanzia 1844 hadi 1853, hakuanzisha kazi yoyote kati ya Waoromo, wale waliomleta. Alichora mpango wa mnyororo wa vituo vya misheni kutoka Mombasa hadi pwani ya magharibi ya Afrika, na mnyororo huo haukutokea. Alijaribu kufungua kituo Yatta, Ukambani, mwaka 1851, kikashindikana. Mwaka huo huo, katika safari ya kwenda Mto Tana, Kivoi, kiongozi wa Wakamba aliyekuwa mwenyeji wake, aliuawa njiani katika shambulio, na Krapf akatangatanga porini peke yake na maji aliyoyabeba ndani ya mitutu ya bunduki yake. Ungemuuliza mwaka 1853, akipanda meli kurudi Ulaya na afya iliyovunjika, ni nini ulichokusudia na ni nini ulichotimiza, orodha mbili zile zisingefanana.

Kile alichokiita ngazi ndicho kilichobaki. Sura tatu za kwanza za Mwanzo kwa Kiswahili zilichapwa Marekani mwaka 1847. Sarufi yake ilitoka Tübingen mwaka 1850. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilichapwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya yeye kukutwa amekufa akiwa amepiga magoti kando ya kitanda chake huko Korntal, Ujerumani. Kiswahili cha Krapf kilikuwa Kimvita, na Kiswahili sanifu baadaye kilijengwa juu ya Kiunguja, kwa hiyo si kweli kwamba sote tunazungumza lugha yake. Lakini kila aliyefuata katika kazi ya kamusi na tafsiri alimkuta Krapf ametangulia.

Naomba mtu asichukue maneno hayo akajenga hesabu mbaya, kwamba Mungu alimchukua Rosine ili sisi tupate kamusi. Nimesikia mahubiri ya namna hiyo penye misiba, na nimeona nyuso za wafiwa. Sijui kwa nini Rosine alikufa. Homa ya pwani iliua wengi waliokuwa na wito na wengi wasiokuwa nao. Ninachoweza kusema ni kwamba Krapf hakuhitaji kujua kwa nini ili akae tena chini na kadhi.

Kuhusu Rosine nina neno ambalo naona halisemwi vya kutosha. Katika masimulizi yetu yeye ni gharama aliyoilipa Krapf. Ni kama ng'ombe aliyepotea katika safari ya mumewe. Lakini yeye alikuwa na hatua yake. Alitoka kwao akaenda Misri kuolewa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa hatari, akijua. Alimzika Eneba nyikani, kisha akapanda chombo, mimba ikiwa tumboni, baada ya chombo cha kwanza kuwashinda. Na katika saa ya mwisho, wakati mumewe amelala hajiwezi, yeye ndiye aliyeamua msimamo wa misheni ile: bara, si kisiwani. Akipita mtu, aulize. Ukisoma Mwanzo 23 utamkuta Ibrahimu ameahidiwa nchi nzima, lakini siku Sara anapokufa hana hata mahali pa kumlaza. Ananunua shamba la Makpela kwa Wahiti, shekeli 400 za fedha, na hiyo ndiyo ardhi ya kwanza anayoimiliki katika nchi ya ahadi. Kitabu kilichokuwa mezani kwa Krapf wiki zile kilikuwa hicho hicho cha Mwanzo. Rosine alifanya kwa kaburi lake mwenyewe kile ambacho Ibrahimu alimfanyia Sara.

Kwa sababu yake, mtu akinijia na kusema ameitwa, swali langu la kwanza siku hizi halihusu ndoto wala amani ya moyoni. Namuuliza: nani mwingine atalipa? Yule baba wa watoto watatu nilimuuliza mke wake amesemaje. Akanijibu kwamba bado hajamwambia, anasubiri Mungu amthibitishie kwanza. Nikamwambia aende nyumbani kwanza. Si kwamba mke ana kura ya kumzuia Mungu. Ni kwamba Mungu akimwita mwenye nyumba, mke naye ana masikio, na utii wa mmoja usigeuzwe kuwa kifungo cha mwingine. Walikaa miezi kadhaa wakiomba pamoja kabla ya kuamua lolote. Yule binti wa benki naye hakuwa na mume wala watoto, lakini alikuwa anasomesha wadogo zake wawili. Tulikaa naye, tukaandika karo ya kila mmoja kwenye karatasi, mwaka kwa mwaka. Alilia kidogo, halafu akasema afadhali ameiona. Imani yake haikupungua kwa kuandika hesabu. Ilipata uzito.

Nirudi Mombasa. Mwenzake Krapf alifika Juni 1846: Johannes Rebmann, kijana wa miaka 26 kutoka Gerlingen. Kabla ya hapo Krapf alikuwa ameshazunguka vijiji vya bara akitafuta mahali pa kuweka kituo, na alipenda Rabai, juu ya vilima, kwenye hewa nzuri kuliko kisiwani. Hakupeleka mizigo kwanza na kuomba baadaye. Walikwenda kwa wazee wa Rabai, wakaeleza nia yao, na wazee wakakubali. Nalitaja hili kwa sababu huwa tunahesabu imani ya aliyekuja na kuisahau ya aliyepokea. Wazee wale hawakumjua mtu huyu atakuwa nani kwao. Walimpa nafasi. Aliyetangulia kuitikia kati ya watu wa pale alikuwa mtu maskini na mlemavu, jina lake Mringe, na ikachukua miaka mingi kabla ya kusanyiko lenye kuonekana. Rebmann alikaa huko mpaka 1875, akarudi Ulaya akiwa kipofu.

Lakini nilisema tusichungulie mbele sana, na siku ninayotaka kuishia ni tarehe 25 Agosti 1846, siku ya kuhamia Rabai.

Ungedhani baada ya miaka miwili ya kungoja, siku hiyo ingekuja na nguvu. Homa ilikuwa imewashika wote wawili. Walikuwa dhaifu kiasi cha kutoweza kwenda kwa miguu hadi juu, na kuahirisha walikuwa wameshaahirisha. Wakaamua kupanda hivyo hivyo. Krapf aliandika baadaye kwamba ni nadra misheni kuanza katika udhaifu kama ule, na kwamba ilikuwa vizuri iwe hivyo ili wao wasijisifie nguvu zao. Nyuma yao, chini, ilikuwa bahari, kisiwa, na lile kaburi la ng'ambo. Mbele ilikuwa njia ya kilima. Punda walikuwa naye mmoja tu, wakampanda kwa zamu. Mmoja akichoka kutembea, aliyekuwa juu alishuka, mwenzake akapanda.